Katika filimu, mahali ndiyo saa

Wasomi wenzangu, mkiangalia filimu ya kusisimua, tazameni kwanza inatokea wapi.

Chukua "Viva Riva!" ya Djo Tunda Wa Munga, ya mwaka 2010. Riva anarudi Kinshasa na mafuta yaliyoibwa Angola. Mji umekauka, esansi hakuna. Akizidi kungoja, bei inapanda. Lakini César na watu wake, waliomfuata kutoka Angola, nao wanakaribia. Kungoja kulekule kunamtajirisha na kunamponza. Peleka hadithi hii kwenye mji wenye mafuta tele: hana cha kungojea, na hofu yote inaisha.

Siye wa Masisi na Walikale tunaielewa haraka. Ukiuliza Walikale ni mbali gani, mtu hakujibu kilometa. Anakuuliza kwanza kama mvua imenyesha. Mimi nililala njiani usiku mbili, lori limekwama kwenye matope, na ndani tulikuwa na mama mgonjwa. Tangu siku ile, gari likisimama kwenye filimu, mwingine anaona dakika moja. Mimi nahesabu pumzi za yule mama.

Kwa hiyo ukiandika filimu ya kwetu, usitafute bomu lenye saa. Barabara inatosha.