Kwa Nini Darasa Jipya Haliji na Mwalimu Wake

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila Serikali inapotangaza ajira za walimu, wananchi huuliza swali moja: inakuwaje nchi iwe na maelfu ya walimu wasio na ajira na wakati huohuo iwe na shule zenye upungufu wa walimu? Katika Mtaa wa Msimbazi na mitaa mingine ya Kariakoo swali hilo linagusa watu halisi. Miongoni mwa vijana wanaopanga vitenge, wanaouza vifaa vya simu na wanaoandika risiti madukani wamo wenye stashahada na shahada za ualimu, ilhali mwendo mfupi kutoka walipo zipo shule za Serikali zenye msongamano wa wanafunzi.

Msongamano huo una historia. Waraka wa Elimu Na. 5 wa Mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji wake ulianza Januari 2016. Mwaka wa fedha 2022/2023 ada ikaondolewa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa ada wakaandikishwa. Si mara ya kwanza kwa taifa kupitia hali hiyo: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 shule za msingi zilifurika, na miaka ya 2000 shule za sekondari za kata zilienea haraka kuliko vyuo vilivyoweza kutoa walimu, hata wahitimu wa kidato cha sita wakapewa mafunzo ya muda mfupi na kupelekwa kufundisha. Tofauti ya leo ni kwamba wahitimu wa ualimu wapo tele. Kinachopungua ni nafasi za kuwaajiri.

Upande wa majengo, hatua zinaonekana kwa macho. Kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa mkopo wa Shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000, ambavyo 12,000 kati yake ni vya sekondari na 3,000 ni vya vituo shikizi. Mwaka 2022 zikatolewa Shilingi bilioni 160 kwa ajili ya vyumba 8,000 vya wanafunzi wa kidato cha kwanza wa mwaka 2023. Hesabu yake ni Shilingi milioni 20 kwa chumba. Miradi ya SEQUIP kwa sekondari na BOOST kwa elimu ya awali na msingi imeendeleza kazi hiyo.

Hata hivyo, milioni 20 hujenga chumba cha chini mahali penye kiwanja. Kariakoo haina kiwanja. Shule kongwe za eneo hili, ikiwamo Uhuru Mchanganyiko inayopokea pia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, zilianza wakati mitaa hii ilipokuwa ya nyumba za vyumba sita zenye ua. Sasa zimezungukwa na maghorofa ya biashara. Upande wa pili liko Bonde la Mto Msimbazi, ambako mafuriko yamekwisha kuwahamisha wakazi wengi. Ili kufuata kiwango cha wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi, shule ya katikati ya jiji hulazimika kupokea wanafunzi kwa awamu, asubuhi na mchana, au kujenga kwenda juu. Ghorofa linataka msingi mzito, nguzo, ngazi na usanifu wa kihandisi, kwa hiyo halikamiliki kwa kasi ya vyumba vya kijijini vinavyojengwa na mafundi wa jirani chini ya kamati ya shule. Kwa maoni ya mwandishi, kuzipima halmashauri zote kwa idadi ya vyumba pekee hakuzitendei haki za mijini.

Ajira ya mwalimu ina mkondo wake. Chumba hulipiwa mara moja. Mwalimu anayeajiriwa akiwa na miaka 25 hulipwa kila mwezi hadi afikishe miaka 60 ya kustaafu kwa lazima, kisha hulipwa pensheni. Kwa sababu hiyo halmashauri haiwezi kuajiri kwa kuona darasa tupu tu: huwasilisha mahitaji yake ya ikama, Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma hutoa kibali kulingana na bajeti ya mishahara, ndipo nafasi hutangazwa. Mwaka 2023 zilitangazwa nafasi za walimu 13,130. Katika ajira ambazo usaili wake ulianza Januari 2025, waombaji 201,707 walishindania nafasi 14,648, takriban watu 14 kwa kila nafasi.

Hapa ndipo jibu la swali la awali linapopatikana. Nafasi hizo hazikutawanyika kama waombaji walivyotawanyika. Wahitimu wengi wana masomo ya sanaa na wanaishi mijini. Upungufu mkubwa uko katika hisabati na sayansi, na katika shule za pembezoni. Mwenye shahada ya historia na Kiswahili anayeuza duka Kariakoo huenda akawa mwalimu mzuri sana, lakini shule iliyo ng'ambo ya barabara inahitaji chumba kabla ya kumhitaji yeye.

Waombaji sasa hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na kufanyiwa usaili, tofauti na zamani walipopangiwa vituo moja kwa moja. Utaratibu huu umelalamikiwa na baadhi ya wahitimu wa miaka ya nyuma, wanaoona kwamba muda waliosubiri haupewi uzito. Ni hoja inayostahili kusikilizwa. Kwa sasa, mwombaji ahakikishe taarifa zake zimehuishwa na ameambatisha vyeti kamili, kwa kuwa hati za matokeo za muda hazikubaliwi.

Muda wa maandalizi umebanwa na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, inayofanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Wanafunzi walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao wenzao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Kenya ilikutana na hali ya namna hiyo ilipobadili mtaala: mwaka 2023 sekondari ya chini ikawekwa ndani ya shule za msingi, na maelfu ya walimu wakachukuliwa kwa mikataba ya muda ambayo baadaye ilipingwa mahakamani. Nchini, makundi hayo mawili yanatarajiwa kuripoti kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028.