Mbegu Bora kwa Mazingira Yapi? Dhana za Jenetiki katika Uboreshaji wa Kondoo wa Masai

Ikisiri

Makala haya yanafafanua misingi ya jenetiki inayoongoza uboreshaji wa kondoo na kuonesha jinsi istilahi "mbegu bora" inavyoificha misingi hiyo katika mawasiliano na wafugaji. Kwa kutumia mfano wa kondoo wa Masai na Dorper nchini Kenya, makala yanabainisha kwamba ubora wa mnyama hutokana na uhusiano baina ya urithi wake na mazingira anamofugwa.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha ufugaji, neno mbegu limebeba maana kadhaa: punje ya kupanda, manii ya dume na mbari ya mnyama. Mfugaji husema ana dume la mbegu. Ofisa ugani humshauri atafute mbegu bora. Nchini Kenya husikika ng'ombe wa gredi, na Tanzania ng'ombe wa kisasa. Misemo hii inabeba dhana moja, kwamba ubora umo ndani ya mnyama aliyeletwa na humfuata popote apelekwapo. Jenetiki haiungi mkono dhana hiyo, na kama tutakavyoona, tofauti hiyo ina gharama kwa mfugaji.

2.0 Kinachoonekana na Kinachorithiwa

Sifa chache za kondoo huongozwa na jeni moja yenye athari kubwa. Mfano ni jeni ya Booroola, iliyotambuliwa katika kondoo wa Merino wa Australia, ambayo huongeza idadi ya mayai yanayopevuka kwa jike. Hata hivyo, sifa nyingi zenye thamani ya kiuchumi huongozwa na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Juu ya mchango huo kuna malisho, maziwa ya mama, magonjwa na msimu wa kuzaliwa.

Sehemu ya tofauti baina ya wanyama wa kundi moja ambayo wazazi huweza kuwapitishia watoto wao inaitwa katika makala haya urithikaji. Kipimo chake huwa kati ya 0 na 1. Kwa kondoo, urithikaji wa uzito kwa kawaida ni wa wastani, ilhali ule wa idadi ya watoto kwa mzao mmoja ni wa chini, takribani 0.1.

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Kundi lina wastani wa kilo 25 kwa kondoo wa umri wa mwaka mmoja. Mfugaji anachagua madume na majike wenye wastani wa kilo 30, yaani kilo 5 zaidi. Ikiwa urithikaji wa uzito ni 0.3, watoto wao watarajiwe kuzidi wastani wa kundi kwa kilo 1.5 tu, matunzo yakiwa yale yale. Akichagua madume pekee, ongezeko ni nusu yake, yaani kilo 0.75. Kilo nyingine zilizowapamba wazazi zilitokana na mazingira, nazo hazirithiwi. Dume aliyezaliwa peke yake na kunyonya maziwa yote ya mama anaweza kumzidi kwa umbo pacha mwenye jeni nzuri kuliko zake. Ndiyo maana ulinganisho wa haki huhitaji kumbukumbu: tarehe ya kuzaliwa, wazazi, idadi ya waliozaliwa pamoja na uzito.

3.0 Chotara na Vizazi Vinavyomfuata

Mbari mbili zenye nasaba za mbali zikikutanishwa, kizazi cha kwanza mara nyingi huzidi wastani wa wazazi wao kwa ukuaji na uhai. Hali hii tunaweza kuiita nguvu ya uchotara. Chotara hao wakizalishana wenyewe kwa wenyewe, nguvu hiyo hupungua. Na wakipandishwa tena na tena kwa dume wa mbari ngeni, mchango wa mbari ya asili hushuka kutoka asilimia 50 hadi 25, kisha 12.5. Mfugaji anayeona kizazi cha kwanza kikinawiri hudhani kwamba kuongeza mbegu hiyo kutaongeza ubora. Neno bora halimpi sababu ya kusita.

4.0 Kondoo wa Masai na Dorper

Dorper aliundwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na Blackhead Persian, mbari yenye asili ya Usomali. Kwa hiyo mgeni huyu anayesifiwa kwa nyama ni chotara aliyetengenezwa kwa mahitaji ya nchi kame. Kondoo wa Masai ni mdogo zaidi, ana mkia wa mafuta, na ana sifa isiyoonekana kwa macho: ukinzani dhidi ya minyoo ya tumbo, hasa *Haemonchus contortus*, anayenyonya damu. Ukinzani huo hupimwa kwa kuhesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi na kuchunguza kiwango cha upungufu wa damu.

Katikati ya miaka ya 1970 ulianzishwa nchini Kenya mpango wa kusambaza madume ya Dorper kwa ruzuku. Wafugaji hawakupewa mwongozo wa kuendesha uchotara kwa mpangilio, na wengi waliendelea kupandisha Dorper juu ya chotara. Makundi halisi ya kondoo wa Masai yakapungua sana, huku Dorper akishindwa kufaa katika maeneo mengi.

Utafiti wa miaka ya 1990 wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na taasisi iliyoitangulia ulilinganisha mbari hizi. Katika pwani ya Kenya yenye unyevu, minyoo inakostawi, kondoo wa Masai walizalisha zaidi kwa sababu watoto wao waliishi. Katika nyanda kame tofauti ilikuwa ndogo. Mbari ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali. Aidha, kwa kuwa minyoo imejenga usugu dhidi ya dawa nyingi, thamani ya ukinzani wa kurithi inaongezeka.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yanapendekeza mambo matatu. Kwanza, miongozo ya ugani itumie mbegu inayofaa, na kila mara itaje inafaa wapi na kwa matunzo gani. Pili, istilahi urithikaji, ukinzani na nguvu ya uchotara zisanifishwe kwa pamoja na mabaraza ya Kiswahili ya kanda na wataalamu wa mifugo, ili mfugaji wa Kajiado na wa Longido wasomapo wapate maana moja. Tatu, mpango wowote wa kusambaza madume uambatane na fedha za kutunza makundi halisi ya mbari za asili, kwani bila makundi hayo hata uchotara wenye mpangilio hauwezekani.