Uigaji wa kompyuta: Foleni yalipa kwanza Mpwapwa

VIJANA wanaotengeneza programu za kompyuta wilayani Mpwapwa, pamoja na wafanyabiashara wanaofikiria kuwapa kazi, wanashauriwa kuanza na uigaji wa foleni kabla ya aina nyingine za uigaji wa viwandani. Sababu ni kwamba wateja wake wako karibu na mtaji wake ni mdogo.

Uigaji ni kuiendesha shughuli ndani ya kompyuta kabla ya kuitolea fedha. Zipo aina nne zinazotumika zaidi.

Uigaji wa foleni hufuata tukio moja baada ya jingine: mteja anafika, mashine inaanza, mashine inamaliza. Uigaji wa mtiririko, ulioasisiwa na Jay Forrester wa Marekani katika miaka ya 1950, unafaa kwa mambo yanayobadilika polepole, kama idadi ya ng'ombe na hali ya malisho. Uigaji wa wahusika humpa kila muuzaji na mnunuzi uamuzi wake, kama ilivyo mnadani. Nao wa Monte Carlo hurudia hesabu maelfu ya mara kwa mvua au bei tofauti, ili kuonyesha hasara inaweza kutokea mara ngapi.

Chukulia mfano wa mashine ya kusaga inayohudumia mteja mmoja kwa wastani wa dakika 6, huku wateja 9 wakifika kila saa. Kwa hesabu ya kawaida mashine inatosha, kwani ina uwezo wa wateja 10. Lakini wateja hawafiki kwa mpangilio, wala mizigo yao hailingani. Uigaji utaonyesha kila mmoja akingoja wastani wa dakika 54 hivi kabla ya zamu yake.

Wengi hapo hukimbilia kununua mashine ya pili. Hata hivyo, mzigo wa anayefuata ukipimwa wakati wa mwenzake unasagwa, na huduma ikashuka hadi dakika 5, kungoja kunapungua hadi dakika 15 hivi. Mtaji unabaki mfukoni.

Hasara ya kuruka hatua hii inafahamika katika eneo hili. Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, jirani na Mpwapwa. Udongo ulikuwa mgumu wakati wa kiangazi na mvua haikutabirika. Mradi ulipoachwa mwaka 1951, hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Kwa hiyo anayemaliza kujifunza foleni afuatishe Monte Carlo, maana kilimo cha nyanda hizi kinategemea mvua.

Kuhusu gharama, SimPy, inayotumika na lugha ya Python kwa kazi za foleni, hupatikana bure. Bure pia ni NetLogo kwa uigaji wa wahusika. Takwimu za foleni hukusanywa kwa saa na daftari, wakati zile za mifugo na malisho zinahitaji kumbukumbu za miaka mingi.

Mwenye mashine naye anatahadharishwa asilipe malipo yote mapema. Kwanza programu ioneshe foleni ya siku moja ya soko iliyokwisha kupimwa. Ikiwa foleni ya kompyuta hailingani na ile iliyoonekana mlangoni, ushauri wake kuhusu mashine mpya usinunuliwe.