Magendo Hula Pengo la Bei

Atokaye Singida kwenda Nzega hupita Misigiri, penye njia panda ya kwenda Kiomboi. Si mbali na hapo ni Sekenke, ambako dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Wachimbaji wadogo wa Iramba wangali wanaitafuta. Mmoja wao akishapata gramu zake 10, kwa nini aziuze gizani?

Wengi watajibu, "Tamaa." Mimi nasema tuanze na hesabu. Mwaka 2018 aliyeuza kihalali alikabiliwa na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, kodi ya zuio asilimia 5, mrabaha asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1. Jumla 30. Mlanguzi alitosheka kumwongezea mchimbaji kidogo tu. Pengo lililobaki lilimtosha yeye, msafirishaji wake na yule anayefumba macho mpakani. Hapo ndipo genge huzaliwa.

Je, mchimbaji hufaidi? Si sana. Mara nyingi mnunuzi huyo ndiye aliyemkopesha unga, mafuta ya pampu na fedha za karasha. Mizani ni yake na bei ni yake. Akipunja, ashitakiwe wapi? Biashara isiyo na risiti haina hakimu. Deni lake hudaiwa kwa rungu.

Somo hili tulikwisha kulipia ada. Mwaka 1983 uliendeshwa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walikamatwa na bidhaa zikafichuliwa, lakini uhaba haukwisha, kwani viwanda havikuwa na malighafi wala nchi haikuwa na fedha za kigeni za kutosha. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, bila kuwauliza walikozipata. Maduka yakaanza kujaa. Msako ulipandisha gharama ya ulanguzi. Bidhaa ndizo zilizopunguza faida yake.

Mwaka 2019 somo lilirudiwa kwenye dhahabu. Serikali iliwafutia wachimbaji wadogo zile kodi za asilimia 18 na 5, ikafungua masoko ya madini kuanzia Geita. Dhahabu yao iliyoandikishwa ikaongezeka.

Sisemi kila haramu ihalalishwe. Pembe za ndovu hazistahili soko, maana ndovu huuawa kwa ajili yake. Dhahabu ni mali halali inayosukumwa gizani na bei, umbali na madeni. Basi, pamoja na doria, tupeleke mizani ya haki karibu na mashimo, na mikopo isiyomfunga mchimbaji kwa mnunuzi mmoja. Nawe mchimbaji, dai risiti yako: ndiyo shahidi utakayemhitaji siku ya kupunjwa.