Kirabiranya: Bakteria Anayesafiri kwa Panga

Mnyauko wa migomba, ambao wakulima wa Rwanda huuita kirabiranya, husababishwa na bakteria wa kundi la Xanthomonas, ambaye alielezwa kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia mwaka 1968 katika enseti, mmea wa ukoo wa mgomba unaolimwa kwa ajili ya shina lake na si matunda. Kwa miongo kadhaa hakuonekana kuwa tishio nje ya nchi hiyo, hadi mwaka 2001 alipogunduliwa Uganda na pia Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Mwaka 2005 alithibitishwa Rwanda, katika eneo la Gisenyi, mji ambao umetenganishwa na Goma ya Kongo kwa mpaka tu, na mazao hupita kila siku kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Bakteria huyu hana mbinu ya kutoboa mmea mzima, kwa hiyo hutegemea jeraha. Nyuki na wadudu wengine, wanapofuata utomvu mtamu wa ua dume, yaani lile fundo la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, humwacha kwenye makovu mabichi ya magamba yaliyodondoka. Panga lililokata mgomba mgonjwa humpeleka kwenye mgomba mzima, na chipukizi lililotolewa kwa jirani huweza kumbeba bila dalili yoyote. Akishaingia huziba mirija ya maji, majani yakawa manjano na kunyauka, na ndizi zikaiva kabla ya wakati huku nyama yake ikiwa na madoa ya rangi ya kutu, zisifae kuliwa wala kukamuliwa urwagwa, pombe ya ndizi. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata, na kupitisha panga kwenye moto.

Ushauri wa awali wa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote ulikuwa mzito mno kwa kaya yenye shamba dogo, na si ajabu kwamba wengi waliukwepa. Baadaye watafiti walibaini udhaifu wa bakteria huyu: huenea taratibu ndani ya kisiki, na mara nyingi hafikii machipukizi yote, hivyo inatosha kukata shina lenye dalili usawa wa ardhi, mapema na kwa kurudia, mpaka ugonjwa upungue.

Kinga ya kuzaliwa nayo haijapatikana katika migomba inayolimwa Afrika Mashariki, na uzalishaji wa aina mpya kwa njia ya kawaida ni mgumu kwa kuwa migomba hiyo kwa kawaida haizai mbegu. Kwa sababu hiyo kundi la mtafiti Leena Tripathi wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo, likishirikiana na watafiti wa Uganda, lilihamishia kwenye mgomba jeni mbili za pilipili hoho, jeni ikiwa ni kipande cha maelekezo ya urithi, ambazo huzifanya seli zilizovamiwa zife upesi na kumnasa bakteria palepale. Katika majaribio ya shambani yaliyoanza Kawanda, Uganda, mwaka 2010, baadhi ya migomba hiyo ilibaki bila ugonjwa, hata katika zao la pili.

Kufaulu shambani, hata hivyo, hakumaanishi kumfikia mkulima, kwani mmea uliohamishiwa jeni huhitaji kwanza sheria ya kuuruhusu. Mswada wa Uganda kuhusu bayoteknolojia, uliopitishwa na bunge mwaka 2017, ulirudishwa na rais bila kutiwa saini. Rwanda ilipata sheria yake ya usalama wa viumbe mwaka 2024. Hofu ya mkulima kutegemea kampuni ya mbegu, ambayo kwa mahindi ina msingi, hapa ina uzito mdogo, kwani mgomba huzaliana kwa machipukizi ambayo jirani humgawia jirani. Lakini njia hiyo ndiyo anayoitumia bakteria, na jeni za pilipili hazizuii fukusi wala madoa meusi ya majani, kwa hiyo hata mgomba wenye kinga ungehitaji chipukizi safi, lililokuzwa maabara au kukaguliwa kabla ya kupandwa.