Ukuta wa Sponji katika Tangi la Samaki na Mimea

Ukuta wa sponji ni chujio la tangi la samaki lisilo na kasha wala vikapu vya dawa. Kipande cha sponji chenye unene wa sentimita 5 husimamishwa wima upande mmoja wa tangi, kutoka chini kabisa hadi juu ya usawa wa maji, kikabakiza chumba chembamba nyuma yake. Maji hutolewa katika chumba hicho na kurudishwa mbele, na kwa kuwa hayana njia nyingine ya kurudi nyuma, hupenya sponji yote. Wafugaji wa Ujerumani ndio walioueneza mtindo huu, na hadi leo katika nchi nyingi chujio hilo huitwa kwa jina la mji wa Hamburg.

Bungoma, magharibi mwa Kenya, imezoea samaki wa bwawani. Mpango wa serikali wa kufufua uchumi ulioanza mwaka 2009 ulieneza mabwawa ya mita 300 za mraba mashambani, na ngege na kambale wakawa mifugo kama kuku. Bwawa la namna hiyo hujisafisha lenyewe kwa kiasi kikubwa: lina tope, jua na mwani. Tangi la kioo la lita 60 sebuleni Lugulu halina nafasi hiyo. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na chakula kilichosalia kikioza huongeza nyingine. Amonia kidogo tu huwaunguza.

Kazi ya sponji, basi, si kunasa uchafu. Hilo hutokea, lakini ni jambo la pembeni. Ndani ya vitundu vyake huishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huila. Bakteria hao wanahitaji mahali pa kujishika, oksijeni, na maji yanayopita polepole. Ukuta mpana huwapa yote matatu, na ndiyo sababu unaishinda mitambo mingi midogo ya dukani inayosukuma maji kwa nguvu katika kipande cha sponji kisichozidi ngumi.

Makosa mengi huanzia kwenye uchaguzi wa sponji. Kinachojitokeza haraka ni kukata godoro kuukuu, na kwa kawaida hakifai. Vitundu vya godoro vimezibwa kwa utando mwembamba, hivyo maji hayapiti sawasawa, na baadhi ya magodoro yametiwa dawa za kuzuia moto au wadudu. Sponji ya kuchujia imeondolewa utando huo kiwandani. Ikiinuliwa kwenye mwanga, nyuzi zake huonekana kama wavu, na mtu akiipuliza kwa mdomo pumzi hutokea upande wa pili bila shida. Inayofaa zaidi ni ile yenye vitundu 20 hadi 30 kwa inchi moja. Yenye vitundu vidogo zaidi huziba mapema, yenye vikubwa zaidi hupitisha vifaranga.

Sponji hukatwa kwa kisu cha mkate chenye meno, kwa mikato mirefu bila kuibonyeza. Upana wake uzidi upana wa ndani wa tangi kwa nusu sentimita hadi sentimita moja ili ibane, na kimo chake kipite usawa wa maji kwa sentimita 2 au 3. Fundi wa vioo anayekata madirisha mjini Webuye au Kitale anaweza kukata vipande vinne vyembamba vya kioo; viwili vinagandishwa kila ukuta wa pembeni, vikiachana sentimita 5, na sponji inateremshwa katikati yao. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya ukungu, kwani ya bafuni huwa nayo, na tangi liachwe likavu hadi harufu ya siki iishe. Anayeogopa gundi anaweza kuikata sponji iwe pana zaidi na kuipinda kwenye kona mithili ya upinde, hujishikilia yenyewe. Muhimu ni kwamba sponji ikae juu ya kioo cha chini na si juu ya changarawe, la sivyo maji yatapita chini yake na ukuta utakuwa pambo tu. Changarawe humwagwa baadaye.

Chumba cha nyuma chenye upana wa sentimita 4 au 5 chatosha. Humo hufichwa pia hita, jambo linalofanya sehemu ya mbele ionekane safi. Kifaa cha kurudishia maji ni paipu ya PVC ya milimita 20 au 25 iliyosimamishwa chumbani, ikiwa na kiwiko juu kinachopita katika tundu lililotobolewa kwenye sponji, sawa na uso wa maji. Mrija wa pampu ya hewa huingizwa karibu na mwisho wa chini wa paipu. Mapovu yakipanda hubeba maji. Kadiri paipu inavyozama zaidi ndivyo hewa ile ile inavyoinua maji mengi zaidi. Tundu la sponji liwe dogo kuliko paipu ili libane.

Kasi huhesabiwa kwa eneo la ukuta. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na maji ya kimo cha 32 lina lita 57 hivi, na ukuta wake una sentimita 960 za mraba. Maji yakipenya kwa sentimita 5 kwa dakika, ni lita 288 kwa saa, yaani tangi zima mara tano. Kwa tangi la mimea nusu ya hapo inatosha, na kwa tangi lolote haifai kuzidi mara mbili ya hizo lita 288.

Wengi husema mapovu hufukuza kaboni dioksidi ambayo mimea inaihitaji. Ni kweli kwa tangi linalotiwa gesi hiyo kwa mtungi. Humo hutumika pampu ndogo ya maji, na mdomo wake hubaki chini ya uso. Tangi la kawaida halina gesi ya ziada ya kupoteza, na mwinuko wa sehemu hizi unaelekea upande wa mapovu. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya bahari, ambako maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano yakilinganishwa na maji ya Mombasa yenye joto lile lile. Usiku joto la Kitale hushuka hadi nyuzi 12 hivi, ndiyo maana samaki wa nchi za joto hawawezi kukosa hita, na maji yakipashwa hupoteza oksijeni zaidi. Hapo mapovu yanalipa.

Mimea na ukuta huu husaidiana. Anubias, mmea wa Afrika Magharibi, hufungwa kwa uzi juu ya sponji na mizizi yake huingia vitunduni ikila nitrati inapotengenezwa. Mosi (moss) wa majini hufanya vivyo hivyo na katika miezi michache huficha rangi ya kiwanda. Ceratophyllum, jani lielealo linaloota Ziwa Victoria, hufyonza amonia moja kwa moja hata kabla bakteria hawajakua. Gugumaji halichukuliwi hata kama linavutia kwa maua, wala samaki wa tangini hawamwagwi katika mto Nzoia.

Maji ya kuanzia yanahitaji kuangaliwa. Ya mfereji yaliyotiwa klorini hulazwa wazi kwa siku moja au mbili. Ya Nzoia wakati wa mvua huja na udongo mwekundu unaoziba sponji, kwa hiyo hutulizwa kwanza kwenye pipa. Kisha tangi huendeshwa na mimea tu au na samaki wadogo aina ya gapi wawili watatu, wanaolishwa kidogo. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na zaidi maji yakiwa baridi. Sponji ya tangi la zamani ikikamuliwa mbele ya ukuta mpya hufupisha muda huo sana.

Baada ya hapo ukuta huachwa. Huwa kahawia, na mwenye tangi hushikwa na hamu ya kuuosha, asiuguse. Kipimo kiko nyuma: maji ya chumbani yakianza kukaa sentimita 2 chini ya yale ya mbele, sponji imeanza kuziba, na hita inaweza kubaki nje ya maji na kupasuka. Mara nyingi hutosha kunyonya uso wa sponji na tope la chumbani kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, na kuokota majani yaliyooza. Ikilazimu kutolewa, hukamuliwa katika ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si chini ya mfereji, maana klorini huua bakteria. Kuitoa kabisa kunaweza kusihitajike kwa mwaka au zaidi.

Stima ikipotea, ukuta huu huvumilia kuliko chujio la kopo lililofungwa, kwa kuwa sponji imezungukwa na maji ya tangi na bakteria hawakosi hewa upesi. Kwa saa nyingi ni vizuri kuwa na pampu ndogo ya betri, na samaki wasilishwe hadi stima irudi. Pampu ya hewa nayo huwekwa juu kuliko usawa wa maji, au mrija wake utiwe vali ya kuzuia maji kurudi. Vinginevyo, umeme ukikatika, maji hushuka kwa mrija hadi ndani ya pampu na kisha sakafuni.