Uchunguzi wa tishu za kongosho baada ya upasuaji

Uchunguzi wa tishu za kongosho baada ya upasuaji ni kazi ya kitabibu ya kuangalia, kwa macho na kwa hadubini, sehemu ya mwili iliyoondolewa katika upasuaji wa kongosho. Lengo lake ni kujua ugonjwa ni upi, umeenea hadi wapi na kama umeondolewa wote. Hufanywa na daktari bingwa wa patholojia akisaidiwa na wataalamu wa maabara. Majibu yake huongoza matibabu yanayofuata.

Kongosho na upasuaji wake

Kongosho ni tezi yenye urefu wa takriban sentimita 15, iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula. Hutoa vimeng'enya vya kusaga chakula pamoja na homoni, ikiwemo insulini inayodhibiti sukari katika damu.

Uvimbe ukiwa kwenye kichwa cha kongosho, mpasuaji huondoa kichwa hicho pamoja na duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo, sehemu ya mfereji wa nyongo na mara nyingine kipande cha mfuko wa chakula. Walther Kausch wa Ujerumani alifanya upasuaji wa namna hiyo mwaka 1909. Mwaka 1935 Allen Whipple wa Marekani alieleza njia yake, na hadi leo upasuaji huo unaitwa kwa jina lake. Uvimbe ukiwa kwenye mkia, mkia huo huondolewa, mara nyingi pamoja na wengu.

Sababu za uchunguzi

Si kila uvimbe wa kongosho ni saratani. Uvimbe-uchungu wa muda mrefu huacha makovu magumu na mara nyingine mawe ndani ya mirija. Kifua kikuu nacho, ingawa ni mara chache, huweza kushika kongosho na tezi za limfu zilizo karibu. Magonjwa haya yote yanaweza kumfanya mgonjwa akonde na kupata manjano ya macho, na katika picha za CT yanaweza kufanana na saratani. Hata hivyo tiba zake hazifanani: kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za miezi kadhaa, ilhali saratani mara nyingi huhitaji dawa za kemikali baada ya upasuaji.

Saratani zenyewe pia ni tofauti. Ile ya mirija ya kongosho ni kali kuliko uvimbe mwingi unaotokana na chembe zinazotoa homoni. Hadubini ndiyo inayozitenganisha.

Saa za kwanza

Kongosho huharibika upesi kuliko viungo vingi. Likikatiwa damu, vimeng'enya vyake huanza kumeng'enya tishu zake lenyewe, na joto huongeza kasi hiyo. Kwa hiyo kipande hutiwa mapema katika formalini ya asilimia 10, yenye ujazo usiopungua mara kumi ya ujazo wa kipande. Chombo kiwe na mdomo mpana, kwa kuwa kipande kilichobanwa hupoteza umbo na formalini haikifikii kila upande. Maji ya kawaida hayahifadhi tishu, na kugandisha bila utaratibu wa maabara huunda chembe za barafu zinazopasua seli.

Chombo huandikwa jina la mgonjwa, namba yake, aina ya kipande na tarehe. Fomu inayoambatana nacho hueleza dalili, majibu ya picha na alichokiona mpasuaji.

Kazi ya maabara

Mtaalamu hupima kipande, kisha hupaka nyuso zake wino wa rangi mbalimbali. Wino huo hubaki ukionekana chini ya hadubini, hivyo huonyesha mahali mkono wa mpasuaji ulipopita. Baada ya hapo kipande hukatwa vipande vyembamba, uvimbe hupimwa na tezi za limfu hutafutwa. Inapendekezwa zipatikane angalau 12.

Sampuli zilizochaguliwa huondolewa maji, hugandishwa ndani ya nta na kukatwa kwa unene wa takriban mikromita 4. Hupakwa rangi za haematoksilini na eosini: viini vya seli huwa vya buluu, sehemu nyingine huwa za waridi. Kazi yote huchukua siku kadhaa. Pale penye mashine ya kugandisha tishu, mpasuaji anaweza kupata jibu la awali kwa takriban nusu saa mgonjwa akiwa bado mezani.

Ripoti

Ripoti hutaja aina ya ugonjwa na, kama ni saratani, kiwango chake. Uvimbe wa kongosho usiozidi sentimita 2 ni T1, unaozidi 2 hadi 4 ni T2, na unaozidi 4 ni T3. T4 ni ule uliofikia mishipa mikubwa ya ateri. Tezi za limfu zisipokuwa na saratani ni N0, zikiwa moja hadi tatu ni N1, na kuanzia nne ni N2.

Ukingo usio na saratani huitwa R0, na wenye saratani inayoonekana kwa hadubini tu huitwa R1. Mwaka 2006 Caroline Verbeke na wenzake wa Leeds, Uingereza, walionyesha kwamba kwa kukagua kingo zote kwa utaratibu mmoja, R1 ilipatikana katika asilimia 85 ya saratani za kichwa cha kongosho walizochunguza. Wagonjwa hawakuwa wagonjwa zaidi. Ukaguzi ndio uliokuwa makini zaidi.

Katika Tanzania ya kati

Jijini Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015 katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma, ni hospitali ya rufaa ya kanda ya kati. Singida iko umbali wa takriban kilomita 240 kutoka Dodoma, na Dar es Salaam, yenye Hospitali ya Taifa Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road, takriban kilomita 450. Mwezi Novemba joto la mchana Dodoma hupita nyuzi 30. Katika mazingira hayo, popote sampuli inapopelekwa, ndoo ya formalini iliyo tayari chumba cha upasuaji kabla ya mgonjwa kulazwa mezani ni sehemu ya tiba yenyewe. Kipande kilichooza njiani hakiwezi kuchukuliwa mara ya pili.